Malori Nayasikia, Mkamwana Simsikii

Kama nyumbani kwako kuna mzee aliyeanza kiburi ghafla, anasalimiwa haitiki, anaitwa hageuki, basi ngoja kidogo kabla hujamnunia. Huenda hana kiburi. Huenda ni mwenzangu. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili yako unayeishi naye, kwa sababu sisi nusura tuvunje nyumba ya mwanangu kwa jambo ambalo mpimaji wa masikio alilieleza hata chai yangu haijapoa.

Jina langu Lameki, Mhehe wa Ilula, pale barabarani wanapouzia wasafiri nyanya. Mimi sikuuza nyanya. Nilikuwa na mashine ya kusaga. Nilianza nayo ujanani, ikiwa ya injini ya dizeli, ikaja ya umeme, mpaka mvi zikanikuta pale pale. Sasa, kama umewahi kupeleka mahindi mashineni, unajua kwamba mle ndani hakuna anayesikia kitu. Mteja anayetaka dona anaonyesha kwa mkono, anayetaka sembe anaonyesha kwa mkono, na mengine yote unayasoma mdomoni. Nilijua umbea wote wa Ilula bila kusikia neno hata moja!

Pua na mdomo nilifunga kitambaa kwa sababu ya vumbi la unga. Masikio nani anafunga? Masikio hayapigi chafya.

Mke wangu, Mama Zakayo, alifariki wakati wa kuvuna mahindi. Baada ya matanga, mwanangu Zakayo, ambaye ni fundi wa magari Uyole kule Mbeya, alisema, "Baba, huwezi kubaki peke yako. Twende ukakae kwangu." Mashine nikamwachia mpwa wangu, nikafunga virago. Kitu kimoja tu cha mke wangu nilichukua, nacho ni kigoda chake cha jikoni.

"Baba, nyumbani kuna makochi," Zakayo alisema.

"Kaa wewe kwenye kochi," nikamwambia.

Mke wa Zakayo anaitwa Tumpe, Mnyakyusa wa Tukuyu. Majirani wanamwita Mama Atu, kwa jina la binti yao Atupele, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaanza shule. Tumpe alilelewa na bibi yake, na bibi huyo alishika ya zamani: mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala hapandishi sauti mbele yake. Wanyakyusa wengi siku hizi wameyaacha hayo, lakini bibi hakuyaacha, na mjukuu akayanywa pamoja na maziwa. Sisi Wahehe nasi tuna heshima zetu, ila hii yao mimi sikuijua. Nilichokiona ni mwanamke anayesimama mlangoni akiwa ameugeukia ukuta, anaweka chakula mezani na kuondoka kimya kimya. Nikasema moyoni, haya, mtoto wa mjini huyu. Mzee wa mashine ya kusaga, mwenye unga mpaka kwenye nyusi, ananuka kwake.

Nilivumilia. Nilikula chakula kimepoa, kwa sababu nilikuwa nakikuta mezani bila mtu kuniita. Asubuhi nilitoka barazani bila mtu kunisalimu. Mtu mzima kuamka bila shikamoo katika nyumba ya mwanawe wa kumzaa! Atu ndiye aliyenichangamkia, alinipandia magotini akaongea na kuongea, nami nikicheka naye, ingawa sikujua tunacheka nini. Nilidhani ni Kinyakyusa.

Baridi ya Mbeya ilipokolea, ile ya kuvaa koti mpaka jikoni, Zakayo alishindwa kunyamaza. Tulikuwa tumemaliza kula, Tumpe ameingia ndani. Akavuta kiti.

"Baba, mke wangu amekukosea nini?"

"Yeye ndiye unayepaswa kumuuliza. Tangu nije hajanisalimu hata siku moja."

Zakayo alinitazama kama mtu aliyeona nyoka. "Baba! Kila siku ya Mungu asubuhi anapiga goti pale mlangoni, anakuamkia. Humwitiki. Anakuita kula, kimya. Analia, Baba. Anasema ulitaka nioe Mhehe mwenzetu, ndiyo maana humtaki."

"Zakayo, usinisingizie uongo uzeeni. Mimi si kiziwi! Lori likipinda pale kuelekea Tukuyu nasikia mpaka gia. Wewe ukiniita kutoka getini, si naitika?"

"Ndilo analolisema na yeye," akajibu taratibu. "Baba anasikia malori, ananisikia mimi. Kiziwi gani huyo anayechagua?"

Kisha akaniambia lile lililokuwa likimkaa kooni. Tumpe alikuwa ameomba ruhusa aende kwao Tukuyu akapumzike, yeye na Atu. Begi lilikuwa sebuleni nyuma ya mlango, limeshafungwa zipu. Nimeishi na mke miaka mingi, naijua lugha hiyo. Mwanamke anayekwenda kupumzika na begi kubwa na mtoto, huyo haendi kupumzika. Zakayo alimsihi asubiri kidogo, na mimi akaniomba nijiulize moyoni kama nakaa vizuri na watu wake, la sivyo atanitafutia chumba. Alisema kwa adabu, lakini nilielewa: mmoja wetu ataondoka, ama mimi, ama Tumpe na mjukuu wangu.

Nilikasirika sana. Ila mimi nina ugonjwa mwingine wa tangu utotoni, ugonjwa wa kupekua. Mashine ikigoma silali mpaka nijue ni nyundo zimeisha au chekeche limetoboka. Nikajiuliza, vipi kama huyu binti hasemi uongo, na mimi pia sisemi uongo? Kitu gani basi kimelegea?

Nikaanza na redio. Nilikuwa na kiredio changu kibovu, hivyo nilivyodhani. Habari zikianza akisoma mwanamume, safi. Akipokea mwanamke, redio inaharibika. Nilishakibadilishia betri, nikakipiga makofi, nikakitukana. Siku hiyo nikamwita Zakayo akisikilize.

"Iko sawa, Baba."

"Huyu mama anasomaje?"

"Anasoma vizuri tu. Bei ya mbolea."

Lo! Nikasimama na redio mkononi. Baada ya hapo nilizunguka mtaa mzima nikipima vitu. Ng'ombe wa jirani, namsikia. Vifaranga, simsikii hata mmoja, midomo inafunguka tu. Kengele ya kanisa, ndiyo. Kengele ya baiskeli ya muuza maziwa, hapana. Kwaya siku ya ibada, besi wako wote, soprano wamesimama wanafungua vinywa kama wale vifaranga. Na wale nyenje waliokuwa wakinililia usiku na mchana, niliokuwa nikishangaa Mbeya ina nyenje wengi namna gani hata wakati wa baridi, Zakayo aliapa hakuna nyenje. Walikuwa ndani ya masikio yangu mwenyewe. Niseme ukweli, niliogopa, lakini pia nilikuwa na hamu ya kujua kama mtoto aliyefungua saa ya baba yake.

Watu hawakosi ushauri. Mmoja aliniambia nikamulie kitunguu saumu sikioni, mwingine akaniambia mafuta ya moto. Mimi mwenyewe tangu zamani nilikuwa nachokoa kwa unyoya wa kuku, ukikosekana, njiti ya kiberiti. Duka la dawa wakanipa matone. Yalinitekenya, basi. Zahanati wakanivuta nta kwa maji ya uvuguvugu, likatoka donge kama punje ya hindi, nikatoka nikiruka nikidhani nimepona. Nikafika nyumbani, nikawainamia vifaranga. Kimya. Ndipo zahanati wakaniandikia niende hospitali, kliniki ya masikio.

Nilipofika kliniki ile nilicheka peke yangu. Tumejaa kwenye mabenchi, wote masikio mabovu, na nesi anatoka mlangoni anaita majina kwa mdomo! Kila mlango ukifunguka vichwa vyote vinainuka, macho kwenye mdomo wa nesi, hakuna anayepumua. Pembeni yangu alikaa mpasua mbao kutoka Mufindi, kipande cha mtu, akaniinamia akasema kwa sauti ya kuamsha wodi, "Mzee, mimi natazama nani hajasimama!" Tukawa marafiki hapo hapo. Msumeno wake na mashine yangu vilikuwa mtu na kaka yake. Baadaye nesi mwingine, mama mtu mzima, alikuja akawa anatugusa bega mmoja mmoja, anasema jina ukiwa unamwona. Mungu ambariki. Kumbe kuguswa bega tu kunaweza kumrudishia mtu utu wake.

Aliyenipima alikuwa dada mwembamba mwenye miwani. Aliniingiza kwenye kichumba kilichofungwa pande zote kikaziba sauti za nje, akanivalisha hedifoni, akanipa kitufe. Nikisikia mlio, hata mdogo namna gani, nibonyeze. Alikaa nje ya kioo. Milio ya kwanza ilikuwa minene, nikabonyeza kwa majivuno. Halafu ikapotea. Nikaona aibu kukaa tu, nikawa natazama kiwiko chake. Kiwiko kikicheza, nabonyeza.

Akafungua mlango. "Mzee, naona unasikia kwa macho."

"Kazi ya miaka mingi, mwanangu."

Akacheka, akanigeuzia kiti nitazame ukuta. Hapo ndipo nilipojua. Nilikaa na kidole juu ya kitufe nikisubiri, nikisubiri, na nje najua anapiga milio, na kwangu hakuna kitu ila nyenje wangu.

Alinionyesha karatasi. Mstari ulikwenda vizuri tambarare, halafu ghafla ukaporomoka.

"Huo si mstari," nikasema, "huo ni mlima Kitonga."

"Ndiyo, mzee. Huku juu kwenye tambarare ni sauti nene, injini, ngoma, wanaume. Huku bondeni ni sauti nyembamba. Wanawake, watoto, ndege."

"Zitarudi?"

"Hapana. Zilizoliwa na mashine hazirudi. Ila zilizobaki tutazisaidia kwa kifaa."

Nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanitatiza. "Mbona marehemu mke wangu nilimsikia mpaka siku ya mwisho? Naye alikuwa mwanamke."

"Alikuwa anaongeaje na wewe?"

Nikamweleza. Mama Zakayo alikuwa akitaka kusema na mimi, anavuta kigoda chake mpaka mbele yangu, ananipiga kofi la goti, anasubiri nimtazame, ndipo anafungua mdomo. Nilidhani ni ubishi wake tu. Wageni wakija aliketi hivyo hivyo, wakisema jambo ananigeukia, "Baba Zakayo, wanasema hivi," na mimi nikimkaripia, "Nimesikia!"

Yule dada alivua miwani. "Basi mama alijua, mzee. Alijua zamani."

Nililia pale pale mbele ya mtoto wa watu. Sijui hata nililia nini kwanza, masikio au mke. Nilidhani nimepoteza mke, kumbe nilipoteza mke na masikio siku moja, maana yeye ndiye aliyekuwa masikio yangu. Na hakuniambia hata mara moja. Labda aliniambia, nikasema nimesikia.

"Na mkamwana wako anaongeaje nawe?" akauliza nilipotulia.

"Anasimama mlangoni. Anatazama ukuta. Polepole."

"Basi hata nikikupa kifaa kizuri namna gani, atakayesikia ni ukuta."

Mvua za kwanza zilipoanza nilivalishwa kifaa. Kinakaa nyuma ya sikio, na kimrija kinaingia ndani. Jamani! Mvua kwenye bati ilikuwa kama mtu anamwaga kokoto. Karatasi ya sukari ikikunjwa nashtuka. Nilizunguka nyumba nikimuuliza Atu, "Hii nini? Na hii?" Naye ananieleza kwa subira ya mwalimu, "Friji, babu. Ile ni kandambili zako, babu." Nilimsikia! Alikuwa anaongea Kiswahili kumbe, tena kingi. Vifaranga niliwasikia pia, nikawachukia, wana kelele bure.

Lakini Tumpe akisema kutoka mlangoni, kilichonifikia kilikuwa mluzi wa upepo. Nilijua kuna kitu kimesemwa, nisijue nini. Nilikuwa nikiitika "marahaba" hovyo hovyo kila nikiona kivuli, mara moja nikamwitikia paka. Nikamwambia Zakayo amwombe mkewe anitazame. Zakayo akarudi amenyong'onyea.

"Anakataa, Baba. Anasema bibi yake alimwambia, kumtazama baba mkwe usoni bila mwenyewe kukufungulia mwiko huo ni kumvua nguo. Na anasema..." akasita.

"Sema."

"Anasema kifaa umevaa na bado unamwitikia paka. Anaona unamtania."

Begi lilikuwa bado nyuma ya mlango. Juu yake sasa kulikuwa na koti la mvua la Atu.

Nikapanda bodaboda mpaka Mwanjelwa kwa baba yake mdogo Tumpe, mzee mwenzangu, anayeuza mbao. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, halafu akacheka mpaka akashika meza. "Mkwe wangu, unatuma watu kumwambia! Katika ukoo wetu mwenye kufungua ni wewe. Mwite mbele yetu, mpe chochote mkononi, umtamkie kwa kinywa chako. Vinginevyo atatazama ukuta mpaka uzikwe."

Kabla sijafika huko, niwaambie machache ninyi mnaopita njia hii, maana najua wengine mtaishia hapa mwende zenu. Ongea na asiyesikia ukiwa mbele yake, zima redio kwanza, na usipige kelele. Kelele inapotosha mdomo na mtu anadhani anagombezwa. Mguse bega. Unyoya mwachie kuku. Kama mzee wako anasikia wanaume na hasikii wanawake, msimwite mwenye dharau, mpelekeni akapimwe. Mpwa wangu kule Ilula nimempelekea viziba masikio, vile vikubwa vya kufunika kama hedifoni. Mwanzoni wateja walimcheka wakamwita rubani. Nilimwambia avae awe rubani, asije akawa Lameki. Na kifaa si dawa. Siku nyingine kinanichosha nakivua, nakaa na nyenje wangu, nimeshawazoea.

Basi, Jumapili baada ya ibada, mvua imekatika, baba mdogo alikuja. Nilitoa kiti changu barazani, na mbele yake, karibu kabisa, magoti yanakaribia kugusana, nikaweka kigoda cha Mama Zakayo. Mkononi nilikuwa na doti ya kitenge. Zakayo alimwita mkewe. Tumpe alitoka, akasimama pale pale pake, uso ukutani. Nimefungua mashine mbovu maisha yangu yote, sijawahi kuogopa kuharibu kitu kama siku ile.

"Tumpe," nikasema, "mimi Lameki, baba mkwe wako, nakufungulia mbele ya baba yako mdogo. Nitazame usoni. Sikuwahi kumtaka mkamwana mwingine. Masikio yangu yamekufa upande ule sauti yako ilipo. Nisipouona mdomo wako, sina mkamwana. Kigoda hiki kilikuwa cha mama yenu. Ndipo alipokuwa anakaa ili nimsikie. Hakijakaliwa na mtu tangu aondoke."

Hakusogea. Baba yake mdogo alisema neno kwa Kinyakyusa. Ndipo akaja, akapokea kitenge kwa mikono miwili, akaketi, kichwa chini. Tukasubiri. Atu akachoka kusubiri, akamwinamia mama yake chini ya kidevu, amtazame, na nadhani ndiye aliyemchekesha.

Akainua uso. Nilikuwa sijawahi kuuona kwa karibu. Ana mwanya kama wa Atu. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Baba," akasema, na niliona kila neno likitoka, "ni kweli ulikuwa hunisikii?"

"Hata siku moja, mwanangu."

Akafunika uso kwa kile kitenge, akaufunua. Kisha akavuta pumzi, akanipiga kofi la goti, sijui nani alimfundisha, akapaza sauti kama mteja wa mashineni.

"SHIKAMOO, BABA!"

Bibi jirani ng'ambo ya ukuta akajibu, "Marahaba!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Nami nikasubiri wacheke wamalize, kwa sababu hii sikutaka inipite, nikamtazama machoni, nikamwitikia yake na zote za nyuma, tangu baridi mpaka mvua.

"Marahaba, mwanangu."